Dakika 33 kabla ya risasi: kisa cha Jean Charles de Menezes

Kila polisi wanapomuua mtu asiye na hatia, mabishano huanzia mahali palepale: yule askari, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, aliamini nini? Wanaomtetea husema alikuwa na nukta ya sekunde kuamua. Wanaomlaani husema aliua tu. Kisa cha London cha mwaka 2005, ambamo polisi walimuua Jean Charles de Menezes, kinafaa kuchambuliwa hadi leo kwa sababu swali hilo lilijibiwa, tena kwa kumfaa askari, na bado mahakama ikakuta kosa kubwa. Kosa lenyewe halikukaa kwenye bastola. Lilikaa mlangoni, kwenye redio, na katika chumba kimoja cha makao makuu ya polisi.

Mji ulikuwa na hofu ya haki kabisa. Tarehe 7 Julai vijana wanne walijilipua katika treni tatu za chini ya ardhi na basi moja, wakaua watu 52. Wiki mbili baadaye, tarehe 21, wengine wanne walijaribu kurudia. Mabomu yao hayakulipuka ipasavyo, hakuna aliyekufa, na wenyewe wakatoweka mitaani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na usiku ule polisi wa London walikuwa wanasaka nyoka wanne wa kweli ndani ya mji wa watu zaidi ya milioni saba.

Katika begi lililoachwa eneo la Shepherd's Bush ilikutwa kadi ya ukumbi wa mazoezi ya mmoja wao, Hussain Osman. Kadi ikawapeleka polisi kwenye anwani ya Scotia Road, Tulse Hill, kusini mwa mji. Lilikuwa jengo la fleti, na fleti zote zilitumia mlango mmoja wa nje. Aliyesimama barabarani hakuweza kujua kama anayetoka ametoka kwa mshukiwa au kwa jirani yake. Jambo hilo lilijulikana tangu mwanzo.

Saa 10:55 alfajiri ya tarehe 22, kamanda John McDowall aliweka mpango. Makachero walichunge jengo. Kila anayetoka aachwe atembee kidogo, asije akawashtua walio ndani, kisha asimamishwe na kuhojiwa huku askari wa kikosi cha silaha wakiwa karibu. Mpango huu sioni pa kuukosoa. Ulikuwa unakubali kwamba mlango ule utatoa watu wa kila namna, na ulikuwa unawalinda wote, yaani polisi, abiria na jirani asiye na habari.

Makachero walifika kama saa 12 asubuhi. Kikosi cha silaha hakikufika. Zilipita saa tatu na nusu nyingine. Wakazi kadhaa wakatoka wakaenda zao, hakuna aliyewasimamisha.

Saa 3:33 akatoka Jean Charles de Menezes, fundi umeme wa miaka 27, Mbrazili, mzaliwa wa Gonzaga katika jimbo la Minas Gerais. Alikuwa anakwenda Kilburn kutengeneza king'ora cha moto kilichoharibika. Kachero aliyekuwa na kamera, aliyetajwa mahakamani kwa jina la kificho Frank, alikuwa mwanajeshi aliyeazimwa kwa kazi hiyo, na dakika ile alikuwa anajisaidia haja ndogo. Kamera haikumnasa aliyetoka. Frank alichoweza kusema redioni ni kwamba ingefaa mwingine amwangalie vizuri. Mtu angetunga hivi kwenye riwaya, mhariri angekikata kipande hiki kwa kukiona cha kuchekesha mno.

Kuanzia hapo mpango wa alfajiri haukuwepo tena. Hapakuwa na askari wa kumsimamisha, basi akafuatwa. Akapanda basi namba 2. Kule Brixton alishuka, akakuta stesheni imefungwa, akarudi mbio kwenye basi lilelile huku akiongea na simu. Abiria yeyote angefanya hivyo. Waliokuwa wakimfuata waliona kitu kingine: mtu anayeshuka na kupanda tena ili kuwapoteza wanaomfuata. Mshukiwa ni mtu wa ajabu kwa namna hii, kwamba akiwa mtulivu amejifunza kujificha, akiwa na haraka ana hatia.

Wakati huohuo, katika chumba namba 1600 cha makao makuu ya polisi, New Scotland Yard, Cressida Dick, aliyekuwa msimamizi wa operesheni siku hiyo, alikuwa anapokea taarifa zilizopita midomo mingi. Chumba kilikuwa na makelele na watu wengi. Makachero wa barabarani hawakuwahi kusema kwa pamoja kwamba huyu ndiye Osman. Walisema huenda, walisema anafanana, mmoja akasema hivi na mwingine vile. Taarifa ilivyopanda ngazi, "huenda" ikawa inapungua. Iliposhuka upande wa pili hadi masikioni mwa askari wenye bastola waliokuwa wanakimbizana na basi kwa magari, ilikuwa imegeuka uhakika. Kwao, mlipuaji ametambuliwa na anaelekea kwenye treni.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kifo kilipotokea, ingawa mwili ulianguka baadaye. Hakuna mtu hata mmoja katika mnyororo ule aliyesema uongo wakati huo. Kila mmoja alipokea neno na kulipeleka mbele likiwa na uzito kidogo zaidi ya alivyolipokea.

Stesheni ya Stockwell ilipokaribia, Dick aliambiwa kikosi cha silaha hakijafika, akaagiza makachero, ambao nao walikuwa na bastola, wamzuie. Muda mfupi baadaye akaambiwa kikosi kimefika, akatengua agizo la kwanza na kuwaachia wao. Katika kusukumana huko fundi alikwisha kuingia. Aliokota gazeti la bure, akapitisha kadi yake ya nauli kwenye lango kama kila mtu, akashuka kwa ngazi za umeme, akakimbia hatua za mwisho kwa kuwa treni ilikuwa imesimama, akaingia na kuketi.

Agizo lilikuwa kwamba azuiwe asiingie kwenye treni. Neno "zuia" lina tumbo pana. Dick alieleza baadaye kwamba alimaanisha kukamatwa, na kwamba hakutoa agizo la kuua. Lakini neno hilo lilifika kwa watu waliokwisha kuambiwa asubuhi ile kwamba wanaweza kukutana na mlipuaji wa kujitoa mhanga, na waliofundishwa mbinu inayoitwa Kratos: mlipuaji hapigwi kifuani, kwa sababu kifuani huenda pana baruti, wala haonywi, kwa sababu onyo linampa muda wa kubonyeza. Anapigwa kichwani, tena na tena, hadi ubongo usiweze kuamrisha kidole. Hata risasi walizopewa zilikuwa za aina inayotanuka mwilini na kubaki humo. Mtu anayevaa vifaa hivyo, akapewa neno "zuia" kwa sauti ya dharura, atalisikiaje?

Kachero aliyeitwa Ivor aliketi karibu na fundi ndani ya behewa. Askari walipotokea akawaonyesha mtu wao, kisha akamkumbatia fundi kwa nguvu, mikono ikibanwa ubavuni, akamsukuma kitini. Askari wawili, kwa majina ya kificho C2 na C12, wakamfyatulia. Risasi saba zilimpata kichwani na moja begani. Ilikuwa saa 4:06. Tangu atoke mlangoni kwake zilikuwa zimepita dakika 33.

Siku ileile, mkuu wa polisi wa London, Sir Ian Blair, aliwaambia waandishi kwamba tukio hilo linahusiana moja kwa moja na msako wa magaidi, na kwamba kwa anavyoelewa mtu huyo aliamriwa asimame akakaidi. Taarifa ya polisi ikaongeza kwamba mavazi yake na mwenendo wake viliongeza shaka. Magazeti yakajaa koti zito la msimu wa baridi katikati ya Julai, na mtu aliyeruka lango la tiketi. Koti lilikuwa jaketi la jinzi. Walioruka lango walikuwa polisi. Ilipofika tarehe 23 ikatangazwa kwamba marehemu hakuhusika na lolote, ila ile picha ya koti na lango iliendelea kutembea kwa wiki nzima na zaidi, hadi nyaraka za tume huru ya malalamiko dhidi ya polisi zilipovuja kwenye televisheni mwezi Agosti. Tume hiyo baadaye ilimkuta ofisa mmoja wa ngazi za juu kuwa aliupotosha umma. Blair mwenyewe alikuwa ameandika barua siku ya mauaji akitaka tume isipewe uchunguzi mara moja.

Wapo pia waliochimba habari za viza ya marehemu. Sijaelewa mpaka leo viza inaingiaje katika kisa cha mtu aliyepigwa risasi ameketi kwenye treni.

Sasa sheria. Kwa sheria ya jinai ya Uingereza, mtu anayetumia nguvu kujilinda au kulinda wengine hupimwa kwa picha aliyokuwa nayo kichwani. Kama aliamini kwa dhati kwamba mbele yake yuko mlipuaji, atahukumiwa kama mtu aliyekutana na mlipuaji, hata kama imani hiyo ilikuwa kosa tupu. Udhaifu wa sababu zake unaweza kutumiwa kuonyesha kwamba pengine hakuamini kweli, lakini hautoshi peke yake kumtia hatiani. Mwezi Julai 2006 waendesha mashtaka wakasema hakuna ofisa mmoja mmoja wa kushtakiwa kwa kuua. Kuwashinda C2 na C12 kungehitaji kuthibitisha kwamba hawakuamini walichosema waliamini, na kila kitu walichoambiwa asubuhi ile kilikuwa kinawafanya waamini.

Hapo duara linafunga. Aliyefyatua hana kosa kwa kuwa aliambiwa. Waliomwambia hawana kosa kwa kuwa hawakufyatua. Ukimkamata kila mmoja na kumuuliza kuhusu sekunde yake, ana jibu, na jibu lake ni la kweli. Mwisho wa siku kuna maiti na hakuna muuaji.

Kilichobaki mkononi mwa waendesha mashtaka kilikuwa sheria ambayo hakuna aliyeitegemea: Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 1974, ileile inayomshika mwenye kiwanda asiyeziba mashine na mkandarasi anayeacha matofali yaangukie wapita njia. Mwajiri ana wajibu wa kuendesha kazi yake bila kuwahatarisha watu wasio wafanyakazi wake. Polisi ni mwajiri. Abiria wa Stockwell ni wapita njia.

Wengi waliona ni dhihaka. Mtu ameuawa, nyinyi mnaleta sheria ya helmeti na ngazi! Familia ilikuwa na kila haki ya kukasirika. Hata hivyo nimeufuatilia mwenendo wa kesi ile na naona kwamba sheria hiyo iliyodharauliwa ndiyo pekee iliyouliza swali lenyewe. Haikuuliza C12 aliamini nini. Iliuliza kwa nini kikosi cha silaha hakikuwepo mlangoni hata baada ya kupita saa nne na nusu tangu kiagizwe. Iliuliza kwa nini watu waliotoka mapema waliachwa, kwa nini mshukiwa wa bomu aliachwa apande basi si mara moja bali mara mbili kama kweli walidhani ana bomu, na kwa nini makachero, chumba cha amri na kikosi walikuwa na picha tatu tofauti za mtu mmoja. Upande wa mashtaka ulitaja makosa 19. Tarehe 1 Novemba 2007, mahakama ya Old Bailey ikalikuta jeshi la polisi la London na hatia. Faini ilikuwa pauni 175,000 na gharama za kesi pauni 385,000.

Hilo la basi lingestahili makala yake. Hoja nzima ya risasi za kichwani ni kwamba mtu huyu angeweza kulipua wakati wowote. Basi, kama hoja ni hiyo, aliruhusiwaje kukaa kati ya abiria wa basi, akashuka, akapanda tena? Ama hawakuamini kwamba ni mlipuaji, na hapo risasi hazina utetezi, ama waliamini, na hapo waliwaweka abiria wote rehani. Mawakili wa polisi hawakuwa na njia rahisi ya kutoka hapo.

Udhaifu wa hukumu ile nao ni wa wazi. Fedha zilitoka mfuko wa umma zikaingia mfuko wa umma. Haikumgusa mtu yeyote kwa jina, na wale raia wa jopo lililotoa uamuzi waliongeza wao wenyewe kwamba Dick hana lawama binafsi. Mwaka 2017 aliteuliwa kuwa mkuu wa polisi wa London, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Blair alikuwa ameondoka mwaka 2008.

Mwaka huohuo wa 2008 ulifanyika uchunguzi wa kifo mbele ya jopo jingine la raia. Hakimu aliyeusimamia, Sir Michael Wright, aliliondolea jopo uwezo wa kusema kwamba mauaji yalikuwa kinyume cha sheria. Jopo likabaki na njia mbili, kusema yalikuwa halali au kuacha jibu wazi. Likachagua la pili, wanane kwa wawili. Zaidi ya hapo liliulizwa maswali mafupi ya ndiyo na hapana. Je, C12 alipaza sauti "polisi wenye silaha" kabla ya kufyatua? Hapana. Je, marehemu alisogea kumwelekea C12 kabla ya kukamatwa? Hapana. Askari walikuwa wameapa mambo hayo mawili. Abiria waliokaa mita chache hawakuyakubali. Wakati huo ilijulikana pia kwamba askari waliandika maelezo yao kwa kushauriana, na mwongozo wa kuwakataza wasifanye hivyo ulitolewa wakati uchunguzi ukiendelea. Raia wa kawaida wangekutwa wanapatanisha maelezo yao kabla ya kuyatoa, polisi haohao wangekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini.

Kesi ilifika Strasbourg, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 30 Machi 2016 majaji 13 dhidi ya wanne walikubali kwamba Uingereza haikuvunja wajibu wake wa kuchunguza na kushtaki, na kwamba kipimo cha imani ya dhati kinaweza kuvumilika. Ni uamuzi niliousoma kwa masikitiko kidogo, kwa sababu mahakama hiyohiyo, mwaka 1995, ilikuwa imeonyesha njia bora zaidi. Ilikuwa kesi ya McCann, kuhusu watu watatu wa IRA, kundi la Ireland lililopigana na Uingereza kwa silaha, waliouawa Gibraltar mwaka 1988 na makomando wa Uingereza walioambiwa kwamba watatu hao wana bomu la kubonyezwa kwa mbali. Hawakuwa nalo. Majaji walisema makomando wasilaumiwe kwa walichoamini. Kisha, kwa kura 10 dhidi ya tisa, wakasema serikali ilivunja haki ya kuishi, kwa jinsi ilivyopanga na kuendesha operesheni nzima, ikiwemo kuwapa makomando dhana kana kwamba ni hakika. Msomaji akibadilisha Gibraltar kwa Stockwell hatahitaji kubadilisha maneno mengi.

Mahakama nyingine zinakuja polepole upande huo. Marekani, ambako kipimo ni askari mwenye busara aliyeko kwenye tukio, baadhi ya mahakama za rufaa zilikuwa zinaangalia zile sekunde za hatari tu na kuyafumbia macho yaliyotangulia. Mwezi Mei 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, majaji wote kwa sauti moja, ikaukataa mtindo huo katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix, iliyotokana na dereva aliyesimamishwa karibu na Houston kwa ajili ya ushuru wa barabara na kuuawa na askari aliyekuwa amerukia gari likiondoka. Uingereza nayo, mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba katika mashauri ya nidhamu, imani ya askari lazima iwe na msingi, haitoshi kuwa ya dhati.

Askari wenye silaha wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Uingereza askari wengi hawabebi bunduki, na wanaobeba wamejitolea. Mwaka 1999 kule Hackney polisi walimuua mpaka rangi aliyebeba mguu wa meza ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu alikuwa amepiga simu akisema ni bunduki. Uchunguzi wa kifo hicho ulipowaendea vibaya wafyatuaji mwaka 2004, wenzao wengi London walirudisha silaha zao. Wanachosema ni hiki: mnatupeleka mbele na taarifa zenu, kisha mkikosea mnatuacha peke yetu. Ni kweli tupu. Ila ni hoja ya kuwabana wanaotoa taarifa, na kwa miaka mingi imetumiwa kumwachilia kila mtu.

Wale wanne wa tarehe 21 Julai wote walikamatwa wakiwa hai ndani ya siku saba tangu kifo cha Stockwell. Mmoja alikutwa Birmingham tarehe 27, amesimama kwenye beseni la kuogea na begi mgongoni, na hata huyo polisi walimwangusha kwa bunduki ya umeme. Wawili walizingirwa kwenye fleti ya magharibi mwa London tarehe 29, mtaa ukafungwa, wakaamriwa watoke na chupi tu, wakatoka. Siku hiyohiyo Osman, ambaye alikuwa ameondoka Uingereza kwa treni ya Eurostar, alikamatwa Rome. Mwaka 2007 wote walihukumiwa kifungo cha maisha, na wasitoke kabla ya miaka 40. Katika ile fleti ya tarehe 29, kikosi cha silaha kilikuwa mlangoni kabla ya mtu yeyote kutoka.